Edamame za kikaangio cha hewa: mbona zinalegea baada ya nusu saa?

"Nina kikaangio cha hewa cha lita nne. Nimejaribu mara kadhaa kutengeneza edamame za viungo kwa kutumia zile zilizomenywa zinazouzwa zikiwa zimegandishwa. Nazitoa friza moja kwa moja, namiminia mafuta kijiko kizima cha chakula, chumvi, unga wa kitunguu saumu na paprika, kisha naweka nyuzi 200 kwa dakika 15. Zikitoka zina ukavu fulani kwa juu, lakini baada ya nusu saa zimelegea na zinatafunika kama raba. Viungo vingi vinabaki chini ya kikapu vikiwa vyeusi, na mara ya mwisho kulikuwa na moshi. Niongeze mafuta? Nipandishe joto? Au mashine yenyewe ni dhaifu? Nikitumia zenye maganda yake zitakuwa krispi zaidi? Na mtoto wangu wa miaka mitatu anaweza kula?"

Pole kwa usumbufu. Kwa maelezo uliyotoa sioni dalili ya mashine dhaifu. Punje kulegea, viungo kudondoka na moshi kutoka vinaonekana kama matatizo matatu, ila chanzo ni kimoja: edamame zako zinaingia kikapuni na maji mengi, na zinatoka bado zikiwa nayo. Mafuta zaidi hayatayaondoa maji hayo. Joto kubwa zaidi litaunguza nje na kuacha ndani vilevile. Inabidi uyatoe maji kwa utaratibu, kisha ujue yametoka kiasi gani, na hapo mizani ndogo ya jikoni itakusaidia kuliko saa.

Edamame ni soya iliyovunwa mapema, ikiwa bado changa na ya kijani. Katika kila gramu 100 za punje zilizomenywa, gramu 70 na ushei ni maji tupu. Protini ni gramu 11 au 12, mafuta karibu 5, na zinazobaki ni wanga kidogo, sukari na nyuzinyuzi. Hilo la wanga kuwa kidogo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kiazi kikikaangwa, wanga wake ndio unaojenga ule ukoko mkavu wa nje hata kama ndani ni laini. Edamame haina akiba hiyo. Ukrispi wake unatoka kwenye protini na nyuzinyuzi zilizokauka, na hizo haziwi krispi kwa kupakwa mafuta. Maji yakiwa yamejipenyeza katikati yake, hupinda na kuvutika. Yakipungua hadi asilimia chache, hukakamaa na kuvunjika kwa mlio. Ule uraba unaoulalamikia ni punje iliyokwama katikati ya hali hizo mbili, imepoteza ulaini wa kuchemshwa na haijafikia kukauka kau.

Basi nini kinatokea ndani ya ile nusu saa? Zikitoka kwenye joto, ngozi ya nje imekauka na moyo wa punje bado una maji. Maji hayapendi kukaa upande mmoja; yanasafiri polepole kutoka palipo na mengi kwenda palipo na machache, hadi punje nzima iwe na unyevu unaolingana. Ndiyo maana kuzifunika hakusaidii. Ukizifungia kwenye chombo zikiwa za moto, mvuke wake unagonga kifuniko, unageuka matone na kuzirudia, kwa hiyo zitalegea mapema zaidi.

Kuhusu nyuzi 200, wengi hudhani joto likiwa kubwa maji yanatoka haraka kwa kiwango hichohicho. Sivyo. Maadamu juu ya punje kuna unyevu, maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto, na uso wa punje unabaki chini ya nyuzi 100 hata kama hewa inayoupuliza ina nyuzi 200. Uso ukishakauka, joto lake linapanda ghafla, likivuka nyuzi 140 hivi kuelekea juu rangi ya kahawia inaanza kushika kwa kasi. Moyo wa punje nao una mwendo wake: maji yaliyomo yanatakiwa yapenye kwenye nyama nzito ya soya kabla hayajafika nje, na safari hiyo haiharakishwi sana na feni. Matokeo yake ni punje yenye rangi ya kuiva kabisa na tumbo lenye maji. Rangi inakudanganya, unazitoa, na nusu saa baadaye ukweli unajulikana.

Kuzitoa friza na kuzitupia kikapuni kunaongeza mzigo. Barafu inayeyuka kwanza, kikapu kinajaa mvuke, na dakika za mwanzo unakuwa unapika kwa mvuke tu. Mafuta uliyomimina hayashiki juu ya uso uliolowa. Yanateleza na kudondoka chini, tena yanaondoka na paprika na kitunguu saumu. Viungo hivyo sasa vimelala kwenye bati la moto chini ya kikapu, vikiwa na mafuta, kwa robo saa nzima. Moshi wako ulitoka hapo.

Kabla ya kuwasha chochote, amua unataka zipi, maana ni vitu viwili tofauti ambavyo maelezo mengi ya mapishi huvichanganya. Kuna edamame zilizokauka nje na laini kidogo ndani, za kuliwa papo hapo. Na kuna zilizokauka hadi moyoni, zinazotafunika kama karanga za kukaanga na zinazoweza kukaa kwenye chupa. Za kwanza zitalegea tu, hata zikipikwa na bingwa, kwa sababu maji ya ndani yameachwa kwa makusudi. Ukitaka zisilegee, huna budi kwenda hadi mwisho.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua gramu 250 za punje zilizoyeyuka na kufutwa maji. Ndani yake kuna takriban gramu 180 za maji na gramu 70 za kitu kikavu. Ongeza vijiko viwili vya chai vya mafuta, ambavyo ni gramu 9 hivi, upate gramu 79 zisizo maji. Punje za kula papo hapo ziko tayari zikibaki gramu 150 au karibu na hapo. Punje kavu kau ziko tayari zikibaki gramu 83 hadi 88, yaani theluthi moja tu ya ulizoanza nazo. Wengi wakiona kikapu kilichokuwa kimejaa kimebaki na viganja viwili vya punje, hudhani wameharibu. Hapana, hiyo ndiyo hesabu. Kama unazo nyingi za kupika, pika kwa mafungu.

Gramu 250 zinatosha kikapu chenye sakafu ya sentimita 20 kwa 20, punje zikilala kwa safu moja zikigusana kidogo. Kikapu cha lita nne kinakuwa na ukubwa wa kukaribia huo. Kama chako ni chembamba, shuka hadi gramu 200. Ujazo wa lita unaoandikwa kwenye boksi hauna maana sana kwenye kazi hii, kwa sababu hewa inahitaji kupita katikati ya punje na kutokea chini. Ukizirundika, za katikati zinapikwa na mvuke wa wenzake. Kwa sababu hiyohiyo, usitandike karatasi ya kuokea. Inaziba matundu, na ukiiweka kwenye mashine inayopashwa moto bila kitu juu yake, feni inaweza kuinyanyua hadi kwenye koili, ule waya wa kupashia moto ulio juu, ikashika moto.

Sasa kazi yenyewe. Mimina edamame kwenye chujio, pitisha maji ya baridi ya bomba kwa dakika moja au mbili hadi barafu iishe, kisha tikisa maji yatoke. Nyingi zinazouzwa zimegandishwa zimeshachovywa kwenye maji ya moto kiwandani, lakini soma pakiti: kama haikuandikwa kwamba ziko tayari kuliwa, zihesabu kuwa zinahitaji kupikwa kabisa, na usiwe unazionja zikiwa zimeyeyuka tu. Kugandisha hakuui bakteria kama Listeria; joto la kupikia ndilo linalowaua. Kama umepata edamame mbichi kabisa kutoka shambani, zichemshe dakika 4 hadi 5 kwanza. Soya mbichi ina vizuizi vya kumeng'enya protini ambavyo vinavunjwa na joto lenye unyevu vizuri kuliko joto kavu.

Zitandaze juu ya taulo safi la jikoni, funika na taulo la pili, bonyeza na kuviringisha taratibu. Hapa utaona vingozi vyembamba vinavyong'aa, kama plastiki, vikibanduka kwenye baadhi ya punje. Viokote vyote vilivyolegea. Ni vyepesi mno, feni itavipeperusha hadi juu kwenye koili, navyo vitaungua na kutoa harufu ambayo watu huidhania ni ya viungo. Vilivyoshika vizuri viache. Ukiwa na muda, ziache wazi kwenye sinia dakika 20 hadi 30, na kama kuna feni ya chumbani ielekeze hapo. Ukiwa na maikrowevu, kuna njia ya mkato ambayo binafsi naipendekeza: zitandaze kwenye sahani bila kufunika na uziweke dakika 3, uzigeuze nusu ya muda. Maikrowevu inapasha maji yaliyo ndani ya punje na kuyasukuma nje, kazi ambayo kikaangio cha hewa kinaifanya kwa shida. Ukisikia punje zinaanza kupasuka kwa mlio, simamisha. Zifute tena zikitoka. Hapo ndipo pa kuzipima uzito wa kuanzia. Kwa waliotumia maikrowevu, chukua uzito wa kabla yake.

Pasha mashine dakika 3 hadi 5. Ingiza punje bila mafuta, bila chumvi, bila chochote, kwa nyuzi 150 na dakika 10. Hatua hii haina mvuto wowote machoni, punje zinanywea tu na kufifia, ila ndiyo inayobeba pishi zima. Tikisa kikapu dakika ya tano. Zikitoka zinatakiwa ziwe kavu kwa kugusa, na ngozi yake ianze kukunjamana.

Zimimine kwenye bakuli pana zikiwa za moto. Tia vijiko viwili vya chai vya mafuta na chumvi, zungusha hadi kila punje ing'ae. Mafuta sasa yanashika kwa sababu hayana maji ya kuyateremsha. Kazi yake ni mbili tu, kupeleka joto sawasawa kwenye uso wa punje na kuwa gundi ya viungo, na vijiko viwili vya chai vinatosha kabisa. Kijiko chako kizima cha chakula kilikuwa mililita 15; ile ziada ndiyo iliyokwenda chini. Tumia mafuta ya kawaida ya kupikia yasiyounguza mapema. Epuka yale ya kopo la kupulizia yenye gesi na lesithini (kitu kinachoongezwa ili chakula kisigande), maana huacha utando wa kunata juu ya kikapu kisichoshika chakula, na utando huo hautoki bila kukwaruza. Chupa ya kupulizia unayoijaza mwenyewe haina shida.

Kuanzia hapo njia zinaachana. Kwa edamame za kula sasa hivi, pandisha hadi nyuzi 190 na upike dakika 6 hadi 9, ukitikisa kila dakika tatu, hadi zikaribie gramu 150 na ziwe na madoa ya kahawia. Kwa kavu kau, weka nyuzi 160 na ujipe dakika 20 hadi 28, ukitikisa kila dakika tano. Kuanzia dakika ya 15 zimimine kwenye bakuli lililopimwa na uangalie uzito. Utaona uzito ukishuka haraka mwanzoni kisha ukijivuta. Gramu kumi za mwisho huchukua muda kuliko ulivyodhani, na hapo ndipo watu wanapochoka na kuzima. Kama rangi imeshakuwa ya kahawia na mizani bado inaonyesha 100 au zaidi, teremsha hadi nyuzi 120 na uendelee. Joto hilo linakausha bila kuongeza rangi sana. Mashine nyingine hazishuki hivyo. Basi zima, acha droo imefungwa dakika 10 ili joto lililobaki limalizie, kisha fungua kidogo mvuke utoke.

Usizihukumu zikiwa za moto. Punje ya moto huwa laini kuliko itakavyokuwa ikipoa, hata kama imekauka vizuri. Chukua moja, iweke kwenye sahani ya baridi dakika mbili, kisha ivunje kwa meno ya mbele. Ikikatika mara moja na katikati ikaonekana ya ungaunga na rangi sawa na kando, imefika. Ikionyesha kiini cheusi-kijani kinachong'aa kidogo, huo ni unyevu, irudishe. Zilizofika zitandaze kwenye waya wa kupozea au sinia pana, safu moja, dakika 15. Rangi ya kijani cha kung'aa itakuwa imegeuka ya zeituni. Usishtuke, klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea, hupoteza magnesiamu yake ikipashwa kwa muda mrefu, na ladha haihusiki.

Viungo vina kanuni yake, na kanuni hiyo inahusu muda zaidi ya kipimo. Unga wa kitunguu saumu, paprika, na chochote chenye sukari huungua na kuwa chungu vikikaa kwenye joto kali kwa zaidi ya dakika chache. Viingize dakika 3 za mwisho, au uviweke punje zikishatoka zikiwa za moto na bado zina mafuta kwa juu. Chumvi peke yake haina tatizo kuingia mapema. Kwa fungu la gramu 250, nusu kijiko cha chai cha unga wa kitunguu saumu, nusu ya paprika na robo ya pilipili ya unga zinatosha. Ukipenda bizari nyembamba, nusu kijiko iliyosagwa, nayo iingie mwishoni. Jibini kavu kama parmesani, vijiko viwili vya chakula iliyokwaruzwa laini sana, ipewe dakika 3 tu, na uisubiri ipoe ndipo ishike.

Chumvi inahitaji tahadhari ya pekee. Punje zinapungua hadi theluthi, chumvi haipungui. Nusu kijiko cha chai ni gramu 3 hivi. Juu ya punje mbichi inaonekana ya kiasi, juu ya gramu 85 za punje kavu inakuwa zaidi ya asilimia tatu na nusu, ambayo mdomo utaikataa. Kwa zile kavu kau tumia robo kijiko. Kwa zile za kula papo hapo unaweza kusogea hadi nusu kijiko kasoro kidogo. Isage chumvi na viungo kwa pamoja viwe vumbi, kwa sababu chembe kubwa hazishiki kwenye kitu kikavu cha mviringo. Hata baada ya hayo, ukiona bado vinadondoka, kuna gundi moja ya kuaminika: baada ya ile hatua ya kwanza ya kukausha, changanya punje na kijiko kimoja cha chakula cha ute wa yai uliopigwa kidogo, punguza mafuta yawe kijiko kimoja cha chai, weka chumvi, kisha uendelee. Ute unakauka na kuwa kama varnishi. Viungo vilevile viingie mwishoni.

Vitu vya majimaji ndivyo vinavyoharibu pishi lililofanikiwa. Juisi ya limau ikinyunyizwa kwenye punje kavu inazilowesha papo hapo; tumia ganda la limau lililokwaruzwa, au ukamulie mezani juu ya zile unazokula wakati huohuo. Sosi ya soya iingie mapema, vijiko viwili vya chai mara baada ya hatua ya kukausha, na uache chumvi kabisa. Sukari au asali ni dakika 2 za mwisho, na macho yako yawe pale.

Kwa zile za kula papo hapo unaweza kuongeza wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chakula, kwa sababu umeshaelewa kwamba edamame yenyewe haina wa kutosha. Uchanganye baada ya mafuta, si kabla, na uhakikishe hakuna sehemu nyeupe kavu. Wanga usioguswa na mafuta unabaki unga mdomoni. Unanunua dakika 20 zaidi za ukrispi, si zaidi. Kwa zile kavu kau sioni sababu ya kuutumia.

Kuhusu zenye maganda: hapana, hazitakuwa krispi. Ganda linaufungia mvuke ndani, na punje zinaiva kwa mvuke huo zikiwa laini hadi mwisho. Ganda lenyewe lina nyuzi ngumu zisizotafunika. Halina sumu, ila haliliwi. Raha ya edamame za maganda ni nyingine: nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10, ganda lishike madoa meusi, chumvi na viungo vikae juu ya ganda, nawe uvifyonze ukiwa unavuta punje kwa meno. Ukitaka mlio, nunua zilizomenywa. Na kama lengo lako hasa ni kuwa na chupa ya kitafunwa kila wiki, fikiria kutumia soya kavu iliyokomaa badala ya edamame: iloweke saa 8 hadi 12, ichemshe hadi iive bila kupondeka, ifute, kisha ipike vilevile. Ni kazi ya muda zaidi, ladha yake ni nzito na inakosa ule utamu wa kijani, lakini mwishoni kinabaki kingi zaidi.

Kuhifadhi ni suala fupi. Zenye unyevu ndani ziliwe siku hiyo. Zikibaki ziende kwenye friji ndani ya saa 2 na zimalizwe ndani ya siku 3, ukizirudisha kwenye nyuzi 180 kwa dakika 3 au 4 kabla ya kula. Zilizokauka kabisa zipoe kwanza, kisha ziingie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na jua. Wiki moja ni salama kwa ladha. Mafuta ya soya ni ya aina inayochacha kwa urahisi, kwa hiyo ukisikia harufu ya rangi ya kupaka au mafuta ya zamani, tupa. Angalia chupa siku ya pili: kama punje zimekuwa za kupinda, hazikuwa zimekauka, na ukiziacha humo zinaweza kuota ukungu. Bila ukungu wala harufu, zirudishe nyuzi 140 kwa dakika 5 hadi 8.

Mtoto wa miaka mitatu: zile kavu kau asipewe. Ni ngumu, za mviringo, na ukubwa wake unalingana na njia ya hewa ya mtoto mdogo. Zinaingia kwenye kundi moja na karanga nzima, ambazo ushauri wa kawaida ni kutowapa watoto wa chini ya miaka 5. Mpe edamame laini zilizochemshwa, zilizopondwa au kukatwa, akiwa ameketi na wewe ukiwa karibu. Pia soya ni mojawapo ya vyakula vinavyosababisha mzio kwa watoto mara nyingi. Kama hajawahi kula soya, anza na kidogo, bila viungo vingine, mchana. Vipele, midomo au uso kuvimba, kutapika mfululizo baada ya kula ni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Akipumua kwa shida au kulegea, ni dharura, usisubiri ipite yenyewe. Kwa watu wazima wa nyumbani, anayetumia levothyroxine ya tezi aongee na daktari au mfamasia wake kabla ya kufanya soya kuwa chakula cha kila siku, kwa kuwa inaweza kupunguza ufyonzwaji wa dawa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye amwambie daktari wake, maana edamame ina vitamini K, ambayo inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Mwisho, ule moshi. Kabla ya kupika tena, chomoa mashine, iache ipoe kabisa, toa kikapu na uoshe droo hadi ule weusi uishe. Igeuze kichwa chini na uangalie koili kwa tochi. Kama kuna vingozi au mafuta yaliyoganda, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo au brashi laini, bila kumwaga maji ndani. Kisha iwashe ikiwa tupu, nyuzi 180 kwa dakika 5. Isipotoa moshi, yalikuwa mabaki ya chakula na unaweza kuendelea. Ikitoa harufu ya plastiki inayoungua wakati si mpya, plagi au waya ukawa wa moto hadi usishikike, feni ikakwaruza au swichi ya umeme ya nyumba ikawa inajizima, usiijaribu tena nyumbani. Ipeleke kwa fundi wa umeme akaiangalie ikiwa imefunguliwa, na soketi uliyokuwa unatumia nayo ikaguliwe.